Theluji ya Usiku Mmoja: Maneno juu ya Mlima Kilimanjaro



Maneno yangu ya leo ni juu ya theluji ya Kilimanjaro, na juu ya baridi ya kipupwe inayowapata watu wakaao chini yake. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu, nami nimevutwa kuieleza habari hii kwa sababu ya swali moja nililoulizwa asubuhi, kabla ya kengele ya somo la kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kulipopambazuka mawingu yakafunguka, na mlima ukaonekana wote, mweupe tangu kilele cha Kibo hata mabegani pake, na magenge meusi ya Mawenzi yalikuwa kama ukuta uliopigwa chokaa. Wanafunzi wakatoka mabwenini, wakasimama uwanjani kutazama. Mmoja wao akanijia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Tazama, theluji imerudi. Je, mlima umepona?"

Sikumjibu upesi. Nilimwambia atazame tena saa sita mchana, kama mawingu yatamruhusu, kisha aniambie aliyoyaona. Saa sita akaja, akasema kwamba weupe umekwisha kupanda juu, na miamba imeanza kuonekana. Siku ya tatu mlima ulikuwa kama ulivyokuwa kabla ya mvua ile.

Naona swali lake lafaa kujibiwa mbele ya watu wengi, maana wengi hunywa maji ya mlima ule wasijue yatokako. Tena nina deni la kulipa. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilifundisha jambo moja lisilo kweli juu ya mlima huo, nami nitalitaja mahali pake.

Kwanza tuyatenge maneno mawili ambayo mara nyingi twayachanganya. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu, na neno barafu asili yake ni Kiajemi. Katika mazungumzo ya kila siku twalitumia lolote kati ya hayo mawili. Lakini leo nitaita theluji kile kitu chepesi kiangukacho kutoka mawinguni, laini kama pamba iliyochambuliwa. Na nitaita barafu kile kitu kigumu kama jiwe, ambacho ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa kwa uzito wake yenyewe. Theluji huja usiku ikaenda zake mchana. Barafu ya Kibo ilikuwako kabla ya babu za babu zetu. Mtu asiyezitenga hizi mbili hawezi kujua kama mlima umepona au la.

Watu wa kale wa Uchaga waliujua weupe ule, nao wakauita kibo. Wengine waliokuwa mbali walidhani kwamba ni fedha. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisimuliwa kisa cha mtawala mmoja wa Machame wa zamani aliyetuma watu wapande wakaletee habari ya kitu kile cheupe. Karibu wote waliangamia, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Rebmann mwenyewe aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, yule mtu wa pwani hakuwa na hakika, akasema kwamba huenda ni baridi. Rebmann alitoka nchi ya theluji, basi akaitambua mara moja.

Habari yake ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, baadhi ya wataalamu hawakuiamini. William Desborough Cooley, aliyekuwa mwanajiografia mashuhuri wa London, alishikilia kwamba haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Yeye hakuwahi kufika, bali alisoma vitabu tu. Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1849 mwenziwe Rebmann, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya, nao pia una weupe kileleni. Mwaka 1862 Baron von der Decken akapanda Kilimanjaro hata zaidi ya mita 4,000, na theluji ikamwangukia. Mwaka 1871 Charles New akafika penye theluji yenyewe. Hapo ubishi ukakoma. Nawasimulia haya ili tujifunze kutomcheka Cooley kabla hatujajitazama wenyewe, maana nasi tumesema mengi juu ya mlima ule kwa kusikia tu.

Sasa tuulize, kwa nini kuna theluji mahali palipo karibu na jua namna ile? Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hujibu kwamba juu ni karibu na jua, kwa hiyo ingefaa pawe na joto zaidi. Lakini hewa haipati joto lake hasa kwa jua moja kwa moja. Jua huipasha ardhi, na ardhi huipasha hewa. Tena hewa ikipanda hupanuka, na ikipanuka hupoa. Kwa wastani, kila tupandapo mita 100, joto hupungua kadiri ya sehemu sita za kumi za digrii moja.

Shika kalamu ufanye hesabu. Mji wa Moshi uko mita 800 na zaidi juu ya bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni digrii 23 hivi. Kilele cha Kibo, kiitwacho Uhuru tangu mwaka 1961, kina mita 5,895, ndizo futi 19,340. Kutoka Moshi hata kileleni ni mita 5,000 na kitu. Zidisha, utapata upungufu wa digrii 30. Ondoa 30 katika 23, utabaki na digrii 7 chini ya sifuri. Nao waliopeleka vyombo vya kupimia juu ya Kibo wamekuta wastani ulio karibu sana na huo. Basi hesabu ya darasani na vipimo vya mlimani vyapatana.

Katika Ulaya kuna majira ya baridi kali na majira ya joto, nayo hupishana kwa miezi. Sisi hatuna majira ya namna hiyo. Tuna kipupwe, tangu Juni hata Agosti, wakati wa pepo za kusi. Mawingu hukaa juu ya Machame, Kibosho na Marangu siku baada ya siku, ukungu huingia migombani, wazee huota moto jikoni, na watoto huja shuleni wamejifunika. Hata hivyo baridi hiyo ni ya upole. Usiku wa Julai mjini Moshi hushuka hata digrii 15 au 16 tu, wala theluji haishuki kamwe vijijini. Mtu wa Ulaya angeiita hali hiyo majira mazuri ya kutembea.

Kule kileleni mambo ni mengine. Tofauti kati ya mwezi na mwezi ni ndogo. Iliyo kubwa ni tofauti ya usiku na mchana. Mchana jua la ikweta lachoma uso, na usiku maji yaganda chupani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba theluji nyingi huanguka katika miezi ya baridi, yaani kipupwe. Sivyo. Kwa kuwa kileleni ni baridi mwaka mzima, theluji haingojei baridi, hungojea unyevu. Theluji ni mvua iliyopita penye baridi. Miezi ya kipupwe huwa mikavu huko juu, kwa sababu mawingu ya kusi mara nyingi hukaa chini, penye msitu, na kilele hubaki juu yake kikiwa wazi. Theluji nyingi huanguka katika masika, tangu Machi hata Mei, na katika vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Kumbukeni kwamba Rebmann aliuona mlima mwezi wa Mei. Basi masika ikiwa nzuri, mlima huwa mweupe. Masika ikikosa, huwa mweusi, hata kama watu wa chini watetemeka kwa baridi.

Theluji ya usiku mmoja hukaa muda gani? Ikiangukia mchanga na majivu meusi ya Kibo, jua likitoka, huondoka mchana uleule au baada ya siku chache. Lakini ikiangukia juu ya barafu hufanya kazi kubwa. Sote twajua kwamba mtu aliyevaa kanzu nyeupe haumizwi na jua kama aliyejifunika shuka nyeusi. Theluji mpya ni kanzu nyeupe ya barafu; hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua angani. Isipoanguka, barafu hubaki chafu, yenye vumbi, nayo hunywa joto. Kwa hiyo theluji si kitu cha kudharau. Usiku mmoja haumponyi mgonjwa, lakini ukosefu wa siku kama zile, mwaka baada ya mwaka, ndio uliomdhoofisha.

Maana ni kweli kwamba mlima ni mgonjwa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, walikuta barafu kubwa imezunguka ukingo wa shimo la Kibo. Meyer aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba imekwisha kurudi nyuma. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha kilomita za mraba 12 hivi za barafu. Kufikia mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba huenda yote ikaisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu kidogo ingali ipo. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 iliutaja mlima huu miongoni mwa ile itakayopoteza barafu yake kufikia mwaka 2050. Mtu asiseme, "Kwa kuwa walikosea mwaka, basi wamekosea yote." Anayebashiri siku ya kufa kwa mgonjwa aweza kukosea, na ugonjwa ukawa wa kweli.

Barafu hiyo yaenda wapi? Wengi hudhani kwamba yote huyeyuka, ikateremka kama maji. Nyingine huyeyuka, ni kweli. Lakini katika hewa kavu na baridi ya kileleni sehemu kubwa hugeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza. Jambo hili huwashangaza watu, lakini kila mtu wa pwani ameliona nyumbani kwake. Tia kipande cha kafuri ndani ya sanduku la nguo, ulifunge, ulifungue baada ya miezi. Utakikuta kimepungua, pengine kimekwisha, wala nguo hazikulowa. Barafu ya Kibo hufanya vivyo hivyo. Na chanzo cha kupungua kwake hakikuwa kimoja. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu zaidi, maziwa yakapungua, na mawingu na theluji ya mlimani pia. Tena katika karne ya 20 na hii ya 21 joto la dunia limezidi kwa moshi wa viwanda na magari, na bahari zikapata joto, hata njia za mvua zikabadilika.

Sasa nafika kwenye deni langu. Yule kijana, baada ya kusikia haya, aliniuliza tena, "Lakini Mwalimu, barafu ikiisha, mito yetu itakauka? Katika shule ya kwetu tulifundishwa kwamba mito yote ya mlimani yatoka katika barafu." Nikamwuliza jina la mwalimu wake. Alipolitaja nikanyamaza, kwa sababu mwalimu huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Somo lile alilipata kwangu. Nami nililipata kwa walimu wangu, nikalifundisha bila kulipima, kama Cooley na vitabu vyake.

Tulipime leo. Barafu iliyobaki haifiki kilomita za mraba 2, na sehemu kubwa yake huenda hewani kama kafuri. Chini yake mkanda wa msitu umeuzunguka mlima, nao una kilomita za mraba 1,000 hivi. Katika msitu wa upande wa kusini, penye mita 2,000 na zaidi, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kileleni huanguka kidogo sana kuliko hiyo. Zaidi ya mvua kuna ukungu. Mti mrefu wa huko juu, wenye kuvu na nyuzi zining'iniazo kama ndevu, huushika ukungu upitao, matone yakakusanyika, yakadondoka chini hata siku isiyo na mvua. Udongo wa msitu huyanywa, huyaweka, kisha huyatoa polepole katika chemchemi. Humo ndimo mito hupata maji yake: Karanga, Weruweru, Kikafu na mingineyo. Humo ndimo yatokamo maji ya mifereji ile ya zamani ambayo Wachaga huiita mifongo, na maji yaendayo bwawa la Nyumba ya Mungu, na mto Pangani hata baharini. Kuyeyuka kwa barafu huongeza kidogo sana.

Pengine msikilizaji atasema, "Kosa hili lina dhara gani? Mlima ni mmoja." Dhara lipo, tena kubwa. Mwenye kuamini kwamba maji yatoka katika barafu, siku mlima uwapo mweupe hustarehe, akasema, "Theluji imerudi, maji yapo." Siku mlima uwapo mweusi hukata tamaa, akasema, "Barafu imekwisha, nasi tumekwisha, hakuna la kufanya." Katika hali zote mbili humwachia mwenye shoka msitu, na mrina asali asiyezima moto wake huenda zake asiulizwe. Macho ya watu wote hutazama kileleni, na hasara hutendeka chini yake.

Moto ndio adui mkubwa. Katika miaka ya ukavu, moto huteketeza mpaka wa juu wa msitu, na mahali pa miti mirefu pakaota vichaka vifupi visivyoweza kuushika ukungu. Hivyo mpaka wa msitu umeteremka, na maji ya ukungu yakapotea pamoja nao. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani, ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90 za nyasi na vichaka vya juu, na watu wengi walipanda kwenda kuuzima, wanafunzi wakiwamo. Serikali iliweka Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani ya mipaka yake. Lakini sheria haina macho elfu. Anayeuona moshi wa kwanza ni mtu akaaye karibu.

Basi nimwambie nini mwalimu mwenzangu anisikilizaye? Kwanza, kama ulifundishwa kama nilivyofundishwa mimi, usione haya kuwaambia watoto, "Nilikosea." Nilimwandikia mwanafunzi wangu wa zamani nikamwambia hivyo, naye akanijibu kwamba amelisahihisha somo mbele ya darasa lake. Mtoto hamdharau mwalimu anayejisahihisha. Humdharau yule ajifichaye.

Pili, wafundishe watoto kupima. Chukua kopo lililonyoka pande zote, uliweke mahali peupe mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi mtoto mmoja aingize rula, asome kina cha maji, aandike katika daftari, kisha amwage. Katika daftari ileile aandike hali ya mlima: mweupe wote, mweupe kileleni, mweusi, au umefunikwa. Tena aandike kama maji ya mfereji yamejaa au yamepungua. Baada ya mwaka mmoja wataona wao wenyewe kwamba weupe wa mlima hufuata mvua za masika na vuli, si baridi ya kipupwe. Baada ya miaka mitano watakuwa na habari ambayo kijiji chao hakijapata kuwa nayo.

Tatu, waoteshe miti kando ya mifereji na penye chemchemi, nao wajue kwa nini waiotesha.

Na yule kijana nilimjibu hivi: "Mwanangu, mlima haukupona. Umevaa kanzu safi siku moja. Furahi kuiona, maana ni nzuri, nayo huifaa barafu. Lakini ukitaka kujua kama tutakuwa na maji, teremsha macho yako, utazame ule mkanda wa kijani ulio chini ya weupe." Akatazama. Mawingu yalikuwa yameanza kuufunika msitu, kama yafanyavyo karibu kila siku kabla ya adhuhuri. Akaniuliza kama mawingu yale yanatoa maji hata sasa. Nikamwambia ndiyo, yanatoa, maadamu ipo miti ya kuyapokea.